Anayejitolea kwenye kikundi cha waandishi wanawake: apite prufu, ukatibu au uhazini?

Binti wa Uyole
Habari zenu, na shikamooni wakubwa. Kikundi chetu cha waandishi wanawake hapa Mbeya kinaandaa mkusanyiko wa hadithi fupi, kurasa kama 150. Kuna dada anayejitolea kwa moyo. Aliingia akisoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazokaguliwa makosa kabla ya kuchapwa, akapewa ukatibu, na sasa wenzake wanataka ashike na uhazini huku akiendelea na ukatibu. Mtu wa namna hii apitishwe kazi zipi, kwa mpangilio gani, ili ajifunze bila kazi kuharibika? Na miaka hiyo ya kujitolea aiandikeje kwenye wasifu akiomba kazi ya mshahara?

Mama Prufu
Marahaba mwanangu. Kuanzia prufu ni sawa kabisa, mradi afundishwe. Prufu humzoesha mtu kushika kazi ya mwingine bila kuigeuza yake.

Kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kosa la kwanza la kuwinda ni la r na l, maana lugha zetu nyingi za nyumbani hazizitenganishi kama Kiswahili. Kalamu inakuwa karamu, mahari inakuwa mahali. Programu ya kukagua tahajia haioni kitu, kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Vivyo hivyo thamani na samani. Dawa yake ni kusoma wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti kutoka rasimu iliyokubaliwa, mwingine anafuata kwenye prufu akiwa na kalamu nyekundu. Kurasa 10 kwa saa ni mwendo mzuri. Ukizidisha, jicho linaanza kusoma linachotarajia badala ya kilichoandikwa. Kwa kurasa 150 hesabuni saa 15, yaani siku 8 za saa mbili mbili. Msipange kazi hiyo Novemba na Desemba wakati watu wako shambani wanapanda mahindi. Prufu zitarudi hazijaguswa.

Baada ya vitabu viwili hivi, mpelekeni kwenye uhariri wa lugha, kisha wa maudhui. Hapo wengi hukwama. Msomaji prufu mzuri akipewa uhariri wa maudhui huendelea kukamata koma, huku hadithi ina mhusika aliyekufa ukurasa wa 12 na kuibuka wa 40. Mwambieni asome mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Akimaliza amwandikie mwandishi barua ya ukurasa mmoja: hadithi inasimama wapi, inalegea wapi, na maswali matatu. Asiandike upya sentensi za mwenzake. Mwandishi chipukizi akirudishiwa hadithi iliyoandikwa upya, mara nyingi haleti nyingine, na kikundi kimepoteza sauti ambayo huenda isipatikane kwingine.

Jambo jingine: mtu asisome prufu ya kitabu alichokihariri mwenyewe. Ameshakizoea mno.

Mhazini Makambako
Naomba mlisitishe hilo la ukatibu na uhazini kwa mtu mmoja kabla halijafika kwenye kikao. Katibu ndiye anayeandika kwamba kikao kimeruhusu matumizi. Mhazini ndiye anayelipa. Vikiwa mkono mmoja hakuna wa kumkagua, na siku hesabu ikipishana hata kwa elfu tano, dada wa watu hana cha kujitetea nacho. Mnamlinda yeye mwenyewe. Akabidhi ukatibu kwanza, ndipo aingie kwenye hazina.

Akiingia, aanze na fedha ndogo kwa miezi mitatu. Mpeni mfuko wa 100,000. Wakati wowote mkimkagua, risiti pamoja na taslimu zifike 100,000. Kinachowaangusha wengi ni makato ya kutuma na kutoa kwenye simu, kwa sababu hayaji na risiti ya karatasi. Ayaandike siku hiyo hiyo pamoja na namba ya muamala.

Baada ya hapo ndipo apewe mauzo ya vitabu. Vitabu vinavyoachwa madukani kwa mali kauli, yaani muuzaji analipa akishauza, ndivyo vinavyopotea, si fedha. Kila duka lisaini hati yenye idadi, bei, asilimia ya muuzaji na tarehe ya kurudi kuhesabu. Kisha kila mwezi hesabu ifunge. Mfano, mmechapa 500: stoo 212, mali kauli 140, vilivyouzwa 121, vya bure 22, vilivyoharibika 5. Jumla 500. Isipofunga, anzeni na vya bure. Wageni rasmi wanapewa nakala na hakuna anayeandika.

Rafu ya Tukuyu
Akitoka hazina anafaa kuratibu uchapishaji, maana bei za karatasi hazitamtisha. ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla ya kuchapa, kwa kuwa tarakimu zake 13 zinakaa ndani ya kitabu na nyuma ya jalada. Toleo la kielektroniki linahitaji namba yake.

Kurasa 150 mkichapa kwa mikunjo ya 16, yaani karatasi kubwa inayokunjwa kuwa kurasa 16, zitakuwa 160, kwa hiyo kumi zilizobaki zipangieni kazi mapema, mfano maelezo mafupi ya waandishi. Unene wa mgongo: karatasi ya gramu 80 ina kama milimita 0.1, na kurasa 160 ni karatasi 80, basi mgongo ni milimita 8. Msanii wa jalada akikadiria kwa macho, jina la kitabu linahamia mbele. Na huku Rungwe kwenye mvua, msiweke katoni kwenye sakafu ya saruji. Wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, la sivyo majalada yanajikunja.

Binti wa Uyole
Asanteni sana, nimewaelewa. Makabidhiano yafanyweje? Na je, hadithi zikishaingia kwenye mkusanyiko zinakuwa mali ya kikundi?

Mama Prufu
Hapana, haki inabaki kwa mwandishi mpaka aihamishe kwa maandishi. Mratibu akusanye ridhaa iliyosainiwa na kila mmoja, ikitaja kitabu hiki tu na malipo yake, kabla ya mpangilio wa kurasa. Ukimwondoa mtu mmoja baadaye, namba za kurasa zote zinahama na orodha ya yaliyomo inadanganya.

Makabidhiano yachukue wiki mbili za kufanya kazi pamoja. Karatasi isainiwe na anayetoa, anayepokea na mwenyekiti: mhuri, madaftari, nywila za barua pepe, orodha ya miswada na kila mmoja umefikia wapi.

Siku hiyo hiyo mwenyekiti amwandikie barua ya utambulisho kwa kazi anayoiacha, yenye mhuri. Wenyeviti hubadilika, na miaka minne baadaye hakuna anayekumbuka nani alisoma prufu.

Kwenye wasifu asiandike "nilijitolea katika shughuli mbalimbali". Kila kazi iwe na mstari wake: cheo, mwezi wa kuanza na kumaliza, na kiasi. "Msomaji prufu: vitabu 2, kurasa 310." "Katibu: mihtasari ya vikao 18." Kwa hiyo aanze leo kuweka daftari la kazi zake, na zile za nyuma azihesabu kutoka kwenye prufu za zamani kabla hazijatupwa.