Naomba ushauri: kumbukumbu za babu aliyekuwa keya Burma

Ndugu zangu, marehemu babu yetu wa Nyangao, Lindi, alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, na alichotuachia ni nishani moja ya shaba yenye ncha sita, isiyo na jina wala namba yake, ambayo utepe wake wenye mstari mpana mwekundu katikati umeanza kuliwa na mende. Wajomba wanataka isuguliwe ing'ae. Mimi, kwa heshima zote, naona iachwe ilivyo. Tunajengea kaburi lake na tungependa kuandika kikosi chake, ila batalioni za KAR zilizokuwa huko mwaka 1944 zilikuwa nyingi. Bila namba ya jeshi, nianzie Nyaraka za Taifa au Uingereza, na mjukuu huthibitisha undugu kwa hati gani?