Mteja atarudi au hatarudi: nitumie hesabu gani?

Mama Leso
Salaam wenzangu. Nauza leso Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na daftari la wateja nimeliingiza lote kwenye kompyuta. Ni wateja 412. Aliyerudi kununua kabla ya Idi nimemwandikia 1, ambaye hakurudi 0. Waliorudi ni 58. Nimeandika pia alinunua doti ngapi mara ya kwanza, anakaa kisiwani au ng'ambo ya feri, alikuja peke yake au na mtu, na kama nilimpelekea ujumbe wa simu. Kijana mmoja wa chuo kanipigia hesabu ya mstari, na kwa mama aliyenunua doti ishirini za harusi ikatoka 1.14. Yaani atarudi kwa asilimia 114! Ninachotaka kujua ni kama ujumbe unasaidia, maana salio nanunua kwa pesa yangu.

Fundi Namba
Dada, mstari ulionyooka haujui kwamba uwezekano haupiti 1 wala haushuki chini ya 0. Tumia rigresheni ya lojistiki. Yenyewe hukadiria logi (logarithimu) ya uwiano wa kurudi kwa kutorudi, yaani waliorudi kwa wasiorudi, kisha ukiigeuza unapata uwezekano usiotoka nje ya mipaka hiyo. Kwenye R, programu ya takwimu ambayo ni bure, ni amri ya glm ukitaja binomial. Probiti, njia nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo ipo, majibu yake huwa karibu yale yale, usijisumbue.

Kazi iko kwenye kusoma jibu. Kila jambo uliloandika litapewa namba yake; tuseme ya ujumbe imetoka 0.69. Ukipandisha e (ile namba ya 2.718) kwa kipeo cha 0.69 unapata karibu 2. Usitangaze kwamba ujumbe unaleta wateja maradufu! Kilichoongezeka maradufu ni uwiano. Kama wangerudi 20 kati ya 100, uwiano ni 20 kwa 80. Maradufu yake ni 40 kwa 80, yaani theluthi moja tu ya watu.

Halafu usirundike vigezo, yaani mambo kama doti, makazi na ujumbe. Wengi hushika kanuni ya matukio kama kumi kwa kila kigezo, ukihesabu kundi dogo kati ya waliorudi na wasiorudi. Lako ni 58, si 412. Vinne vinaenea, ukianza kuongeza rangi na jina la leso, shauri yako.

Binti Kisauni
Kwani ujumbe uliwapelekea kina nani?

Mama Leso
Wale ninaowajua, namba zao ninazo. Wengine wapita njia tu.

Binti Kisauni
Basi hao wangerudi hata bila ujumbe. Lojistiki itakupa namba ya kupendeza, ila itakuwa imepima mazoea yenu. Idi ijayo chukua orodha ya namba ulizo nazo, rusha sarafu kwa kila jina: upande mmoja apelekewe, wa pili asipelekewe. Hata shoga yako. Hapo jedwali la mbili kwa mbili (aliyepelekewa au la, aliyerudi au la) na kai-mraba, kipimo cha kuona kama tofauti ni ya bahati tu, vyatosha.

Mama Leso
Shoga yangu akikosa ujumbe atakuja dukani kunigombeza.

Fundi Namba
Akinunua, mwandikie 1 kwenye kundi la wasiopelekewa.