Ushauri: pazia la Marimekko na zulia la sufu la kutundika ukutani. Nikate, niuze, au nibaki navyo?

FundiZuhura (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu. Nawaomba wanaojua vitambaa vya zamani wanisaidie, maana hapa nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Mimi nashona mapazia, mito ya makochi na vitandiko. Vitambaa vingi nachukua soko la mitumba la Karume, belo la mapazia likifunguliwa asubuhi nakuwa nimeshafika. Wiki hii nimetoka na vitu viwili.

Cha kwanza ni pazia la pamba nzito, maua mekundu na pinki kwenye nyeupe, ua moja kubwa kuliko sinia la pilau. Ukingoni limeandikwa Maija Isola, Unikko, Marimekko Oy, Suomi-Finland, 1964. Nimelichukua elfu kumi na mbili. Mteja wangu mmoja kaliona kwenye simu, akasema ni la mwaka huo huo 1964, nisithubutu kulitia mkasi, yeye atalichukua kwa laki mbili. Fundi mwenzangu anasema ni maua tu, nikate nitoe foronya, nitapata zaidi ya hapo.

Cha pili sijui hata nikiite nini. Ni zulia la sufu, kama futi tatu kwa tano. Upande mmoja lina nyuzi ndefu zilizofungwa fundo moja moja, nyuma limefumwa. Halina lebo wala jina. Muuzaji alinipa kama nyongeza, kwa joto la Dar nani anataka zulia lenye manyoya? Sasa ukikaa mbali unaona rangi ya kutu inayoshuka taratibu hadi kahawia. Ukilisogelea, kila fundo lina nyuzi tatu au nne za rangi tofauti. Ndani ya hiyo kutu kuna zambarau, kuna kijani cha mwani, kuna pinki. Toka limeingia ndani nalitazama kuliko runinga. Mume wangu anasema ni vumbi la Ulaya, litoke.

Naomba kujua pazia ni la 1964 kweli? Hilo zulia ni kitu gani? Navifuaje nisiviharibu? Na kuna swali la pembeni: kwa nini vitambaa vya miaka ile vinanivuta kuliko hivi vipya vya madukani? Isije ikawa nababaikia tu vya Wazungu.

Nawasilisha.

Njomba_wa_Lindi

Dada, mtu anakupa laki mbili kwa pazia la mtumba halafu unakuja kuuliza huku? Pokea hela kabla hajapata akili. Zulia weka mlangoni watu wafutie miguu.

Kaskazini (Tampere)

Zuhura, salamu toka Ufini, hivyo vitu vyako vimetoka huku ninakoishi. Njomba msimsikilize, hasa hilo la mlangoni.

Naanza na pazia kwa sababu ndilo rahisi. Huo mwaka 1964 ni mwaka mchoro ulipobuniwa. Marimekko, kampuni ya vitambaa ya huku, wanaandika ukingoni jina la mbunifu, jina la mchoro na mwaka wa mchoro, na Unikko wanaichapa hadi leo. Ukiingia dukani kwao leo ukakata mita moja mpya kabisa, utakuta imeandikwa 1964. Kwa hiyo maandishi hayo yanakuhakikishia mchoro ni wa nani, umri wa kitambaa hayakuambii. Tazama ukingo wote, toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona zile alama za kufulia, beseni, pasi, pembetatu, basi hilo karibu hakika si la 1964.

Mchoro wenyewe una kisa. Marimekko ilianzishwa mwaka 1951, na Armi Ratia aliyekuwa akiiongoza alishatangaza kwamba hawachapi maua: ua ni zuri likiwa shambani, kwenye kitambaa halina kazi. Maija Isola akamchorea maua hayo hayo, makubwa, bapa, bila kivuli wala jani la kupendezesha. Ratia akakubali. Ukilitazama pazia lako kwa jicho hilo utaona ni ua lililochorwa na mtu mbishi.

Sasa zulia. Kwa maelezo yako hiyo ni *ryijy*, tamka "riiyu" utaeleweka. Zamani sana ilikuwa blanketi. Wavuvi na watu wa visiwani walijifunika, manyoya yakiwa upande wa mwili. Baadaye ikapanda hadhi: maharusi walisimama juu yake wakifungishwa ndoa, kisha ikawekwa ukutani. Miaka ya 1950 na 60 ndiyo ilipamba moto upya. Wabunifu kama Eva Brummer na Uhra Simberg-Ehrström waliacha maua na tarehe za kale wakacheza na rangi peke yake. Hizo nyuzi za rangi tofauti ndani ya fundo moja ndiyo siri yenyewe. Rangi haikuchanganywa kwenye sufuria ya kutilia rangi, inachanganyika jichoni mwako. Ndiyo maana inabadilika ukisogea.

Kukosa lebo kusikutishe. Familia nyingi zilikuwa zinanunua kifurushi: kitambaa cha msingi kilichofumwa tayari, nyuzi zilizopimwa na karatasi ya mchoro, halafu mama wa nyumbani anafunga mafundo kwa sindano jioni za baridi. Yako inaweza kuwa mchoro wa mtu maarufu na mkono wa mtu asiyejulikana. Mimi ningekuwa wewe, pazia ningelifanyia biashara, zulia ningelificha lisionekane na wateja.

mzee_wa_Urafiki

Wajukuu, hamjambo. Nimefanya kazi chumba cha kufumia pale Kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Pamba inaingia upande huu, inasokotwa, inafumwa, inachapwa, inatoka kanga na kitenge upande wa pili. Masikio yangu mpaka leo yana kelele za mashine zile.

Zuhura, geuza zulia lako utazame mgongo. Nyuzi zilizovutwa kwa urefu ni mtande, hizo ndizo zinabeba uzito wote. Zinazopita kwa upana ni mshindio. Kwenye mashine mshindio unagongwa kwa nguvu ile ile kila mara, kwa hiyo mistari imepangana kama ya daftari. Kwa mkono, leo fundi kaamka na nguvu, kesho kachoka, utaona mahali pamebana na mahali pamelegea, na ukingo unaingia na kutoka kidogo. Kwetu kitambaa kikitoka hivyo kilishushwa gredi na msimamizi anakuja juu. Sasa nakusikia wewe ndicho unachokipenda! Sikulaumu. Mimi mwenyewe niliyekaa miaka kuwinda kasoro hizo, siku hizi nikiona kikoi cha kufumwa kwa mkono nakishika muda mrefu.

Kabla ya kufua, jua kwanza unafua nini. Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kibiriti juu ya sahani ya bati. Pamba inawaka haraka, inanukia karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu inawaka kwa shida, inajizima, inanuka nywele. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Kama zulia ni sufu, maji ya moto na kusugua marufuku, litajikaza na kuwa gumu na halirudi. Lipigwe vumbi kwa nyuma, kwa mkono, kivulini. Likiwa lazima liloweke, maji ya baridi, sabuni ya maji kidogo, lishindilie taratibu bila kukamua, lilaze juu ya taulo. Usilianike kwenye kamba likiwa limelowa, uzito wa maji utavuta mtande.

Pazia bonyeza kwanza na kitambaa cheupe kilicholowa kwenye lile jekundu. Kikipata rangi, fua peke yake. Jiki usiisogeze karibu.

BintiMvita (Mombasa)

Wallahi nimesoma hapa mpaka chai imepoa. Swali la Zuhura la kubabaikia vya Wazungu ndilo limenigusa, maana hakuna aliyelijibu.

Mwanangu, hiyo miaka ya 50 na 60 unayoisifu, sisi huku pwani hatukuwa watazamaji. Leso zilikuwa zikichapwa Uholanzi, Uingereza, Uhindi na Japani kwa ajili yetu, na wenye maduka wa hapa ndio waliokuwa wakiagiza mchoro gani, rangi gani, maneno gani. Duka la Mali ya Abdulla hapa Mtaa wa Biashara lilianza mwaka 1887 na lingalipo. Nyanya yangu ana leso za wakati huo, nyengine maneno yake ni ya herufi za Kiarabu, na mji wake, ile sehemu ya kati, una maumbo makubwa, bapa, ya rangi mbili tatu, yasiyo na kivuli. Ukiiweka kando ya hilo ua lenu la Kifini, huwezi kusema ipi imemfundisha mwenziwe. Kwangu mimi hakuna iliyomfundisha mwenziwe. Mchapaji mwenye rangi tatu tu, na kitambaa kitakachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, lazima afikie umbo kubwa na safi.

Basi kwa nini umevutwa na la belo wala si la sandukuni kwenu? Kwa sababu hilo la sandukuni umelizoea. Kamuombe bibi yako akufungulie.

Njomba_wa_Lindi

Bibi yangu leso zake za zamani alibebea wajukuu zikaisha. Hakuna cha makumbusho.

BintiMvita (Mombasa)

Na ndiyo kazi yake, Njomba. Zilizobaki ndizo chache.

Msanifu_Chipukizi (Dodoma)

Naongeza kidogo, nasomea usanifu majengo. Kwenye somo la vifaa tulifundishwa habari za mfumaji Anni Albers. Mwaka 1922 aliingia Bauhaus, chuo cha sanaa na ubunifu huko Ujerumani, na kama wanawake wengi wa pale akaishia karakana ya kufuma, haikuwa chaguo lake la kwanza. Kazi yake ya kuhitimu, mwaka 1930, ilikuwa kitambaa cha ukuta cha ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau. Alifuma pamba pamoja na selofani, ule utando mwembamba unaong'aa. Upande mmoja unameza sauti, upande wa pili unarudisha mwanga. Hakikuwa pambo, kilikuwa kifaa cha ujenzi kilichofumwa. Mwaka 1933 alihamia Marekani, na mwaka 1949 jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, likamfanyia maonyesho ya peke yake, mfumaji wa kwanza kupewa nafasi hiyo.

Nayataja haya kwa sababu ya nyumba zetu. Sakafu vigae, dari jipsamu, madirisha ya alumini, kochi mbili. Ukiongea sebuleni sauti inakurudia. Zuhura, zulia la manyoya marefu ukutani litatuliza chumba. Mwambie shemeji ajaribu kusikiliza mpira kabla na baada.

Kaskazini (Tampere)

Umenikumbusha kitu. Huku wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na miaka michache baada yake, sufu na pamba vilikuwa adimu kiasi kwamba watu walifuma kwa nyuzi za karatasi. Mazulia, mapazia, hata pochi. Kizazi kilichotoka kwenye karatasi ya kahawia ndicho kilichokuja kumwaga rangi miaka ya 50. Mimi nikiziona zile nyekundu na machungwa siwezi kuzitenganisha na njaa ile ya rangi.

FundiZuhura (Dar es Salaam)

Shikamoo mzee, na wengine wote asanteni sana. Naleta mrejesho.

Pazia: nimekunjua upindo wa chini, alama za kufulia zipo, beseni na pasi, ndani kabisa zilikokunjwa. Kwa hiyo si la 1964. Nimempigia mteja nikamweleza kama Kaskazini alivyosema. Amenyamaza kidogo, akasema bado analipenda lakini atatoa elfu themanini. Nimekubali. Fundi mwenzangu ananicheka, ila huyo mteja ana nyumba nzima ya kushonewa, na siku akijua mwenyewe angenitangaza mji mzima.

Zulia: nimechoma uzi, umenuka nywele mpaka mtoto kakimbia. Mgongo ndivyo mzee alivyosema, kuna mistari imebana na mingine imeachia, na karibu na chini kuna mahali mfungaji aliishiwa kahawia akaunga na kahawia nyingine iliyoiva zaidi. Hilo siliuzi. Mume wangu bado hataki manyoya sebuleni, tumekubaliana liende chumba cha cherehani, huko ovaloki inapiga kelele vya kutosha.

Bi Mvita, nimempigia bibi Bagamoyo. Anasema kanga anazo ila ni za kuvalia, sio za kutazamia, nikizitaka niende mwenyewe na nipeleke doti mpya. Nitakwenda mwisho wa mwezi.

Limebaki moja: nalitundikaje? Nilitaka kupiga misumari pembe nne.

mzee_wa_Urafiki

Misumari hapana! Uzito wote utaning'inia kwenye matundu mawili ya juu na mtande utachanika hapo. Shona utepe mpana wa pamba nyuma, juu, toka pembe hadi pembe, uwe mfuko. Sindano ishike nyuzi za msingi, isichomoze mbele. Pitisha fimbo ya mbao humo, fimbo ndiyo ikae kwenye kulabu. Mbali na dirisha la jua, na usiligandamize ukutani, acha upenyo wa vidole viwili, kuta za Dar zinatoa unyevu masika. Kila baada ya miezi michache lishushe uangalie nondo, wale wadudu wanaokula sufu, kwa nyuma.

Njomba_wa_Lindi

Sawa, nimeshindwa. Dada, kwenye belo hilo hakukubaki zulia jingine la hivyo? Nauliza kwa niaba ya rafiki.