Bwawa la kuzuia mafuriko, tuzibe utoro ili maji yabaki?

bonde_letu:
Wakuu naombeni ushauri kabla mvua hazijaanza. Tulijenga tuta la udongo kwenye korongo juu ya mashamba, kimo kama mita 3, chini kuna bomba na pembeni tumechimba utoro wa kupitishia maji yakizidi. Msimu uliopita maji hayakufika kwenye nyumba kabisa. Sasa wenye ng'ombe wameshaliziba bomba nusu kwa gunia la mchanga na wanataka utoro ujazwe mawe, eti maji yanapotea bure. Moyo unakataa ila sina hoja. Halafu upande wa nyuma wa tuta, pale bomba linapotokea, kumelowa na hakuna mvua wiki 3.

fundi_tuta:
Usikubali ndugu yangu. Maji yakipita juu ya tuta la udongo yanalila kuanzia upande wa nyuma, saa chache limekatika na maji yote yanawashukia kwa mkupuo mmoja, afadhali msingekuwa na bwawa. Johnstown kule Pennsylvania, Marekani, mwaka 1889 ilikuwa hivyohivyo, tuta lilikuwa limeshushwa kimo, mabomba ya chini yalishaondolewa na kwenye utoro waliweka vizuizi samaki wasitoroke, mvua kubwa ikaja, wakafa watu zaidi ya 2,200. Bwawa la mafuriko kazi yake linaifanya likiwa tupu, ile nafasi ndiyo inapokea maji ya mvua kubwa halafu bomba linayatoa polepole. Wafugaji wachimbiwe lambo lao pembeni.

mama_mfereji:
Mimi hapo palipolowa ndo pamenishtua. Kinga yale maji kwenye chupa nyeupe, yaache yatulie. Yakiwa safi weka alama uangalie kila siku kama yanaongezeka, yakiwa na tope ujue udongo wa ndani unatoka, maji yamejipatia njia kando ya bomba. Kwetu ilianza hivyo, udongo wa chini ya bomba haukushindiliwa vizuri, asubuhi moja tukakuta shimo la kuingia ndoo. Fungueni bomba maji yapungue na MSIZIBE pale yanapotokea, mkiziba yatatafuta pengine. Mwageni mchanga kwanza halafu kokoto juu yake, maji yatoke udongo ubaki, na mtafute mhandisi aje alione.

jembe2:
Na miti kwenye tuta ing'oeni ikiwa bado midogo, mizizi ikioza inaacha matundu. Nyasi tu zinatosha. Mashimo ya panya pia msiyadharau.

bonde_letu:
Asanteni sana. Nimetoka huko sasa hivi, chupa imetulia na chini kuna tope unene wa kidole. Gunia tumelitoa, maji yanashuka, vijana wanabeba mchanga. Kesho mwenyekiti anaita mkutano, naenda na hii chupa niiweke mezani.