Benchikha, Ibenge, Aussems au Mgunda: nani akabidhiwe Simba?

Mnyama wa Tandika

Wakuu, zile tano tulizofungwa na Yanga kwenye dabi ya Novemba 5, 2023 (5-1) tumezilia vya kutosha. Kocha mkuu Robertinho kaondoka, kocha wa viungo Corneille Hategekimana kaondoka naye, na kwa sasa timu wanayo kwa muda Daniel Cadena na Selemani Matola. Jumamosi hii ASEC Mimosas wako kwa Mkapa, mechi ya kwanza ya makundi Ligi ya Mabingwa. Baada ya hapo safari ya Botswana kwa Jwaneng Galaxy, kisha Morocco kwa Wydad. Kocha mpya ataanzia hapo, hana wiki za kujifunza majina ya wachezaji.

Naomba tujadili kwa hoja, na kwanza tukubaliane timu inaumwa nini. Dabi ile tulikwenda mapumziko tukiwa 1-1. Musonda alitangulia, Kibu akasawazisha kwa kichwa, mpira tukawa tunaucheza. Mabao manne yaliyobaki yote yaliingia kipindi cha pili baada ya saa nzima ya mchezo: Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacome akamalizia kwa penalti. Wiki mbili tu kabla ya hapo tulitoka sare na Al Ahly nyumbani na ugenini, 2-2 na 1-1. Wachezaji hao hao. Kwa hiyo mtu asiniambie hatuna wachezaji. Pumzi iliisha, viungo wakaacha kurudi, Che Malone na Inonga wakabaki peke yao na washambuliaji wanaokuja mbio.

Kwa macho hayo, mimi namtaka Abdelhak Benchikha. Septemba 2022 alichukua CAF Super Cup akiwa na RS Berkane ya Morocco kwa kumfunga Wydad. Msimu huo huo akahamia USM Alger ya Algeria, akabeba Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya majirani zetu Yanga, na Septemba mwaka huu akamfunga Al Ahly 1-0 akabeba Super Cup ya pili mfululizo na klabu nyingine. Timu zake hazifunguki ovyo. Sisi tunafunga mabao, tatizo letu ni kuruhusu.

Florent Ibenge wa Al Hilal ya Sudan ni wa pili kwangu. Wa tatu Patrick Aussems, kwa sababu alishatufundisha na anaijua nyumba. Juma Mgunda namheshimu sana ila namweka wa nne, nitaeleza mkinibana.

Lunyasi Damu

Mkuu umeanza vizuri ila Ibenge kumweka wa pili ni kumkosea. Huyu mtu aliipeleka AS Vita fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014, na fainali ya Shirikisho 2018. Timu ya taifa ya Kongo akaipa nafasi ya tatu AFCON 2015 na ubingwa wa CHAN 2016. Akaenda Berkane, 2022 akachukua Kombe la Shirikisho. Hiyo Super Cup unayompigia Benchikha makofi aliicheza na kikosi alichokiacha Ibenge! Ukitaka kulinganisha, linganisha vyote.

Na kuna jambo lingine. Ibenge anajua kufundisha kwenye shida. Al Hilal hawana nyumbani tangu vita ianze Sudan mwezi Aprili, wanahangaika nchi za watu na bado wako makundi. Kocha wa namna hiyo akija Msimbazi hatalalamikia nyasi za viwanja vya mikoani.

Mdau wa Lubumbashi

Ndugu zangu wa Dar, mimi ni wa Mazembe lakini Vita ya Ibenge niliitazama miaka mingi, wakitufunga na tukiwafunga. Nawaambia ukweli: ni kocha wa kujenga. Pale Kinshasa alikaa miaka, akapewa vijana, akawalea mpaka wakauzwa. Timu yake ikikomaa inapendeza sana, inacheza kwa kasi pembeni na mabeki wa pembeni wanapanda. Lakini ikiwa bado haijakomaa inaacha nafasi nyuma, na nyinyi wenyewe mnakumbuka Machi 2019, Vita yake ilikuja kwenu inahitaji ushindi ikafungwa 2-1 dakika za mwisho na Chama.

Kama viongozi wenu wana subira ya misimu miwili, mchukueni. Kama wanataka majibu kabla ya Krismasi, mtamvunjia heshima bure.

Dada wa Msimbazi

Kaka wa Lubumbashi asante, umesema lile ambalo sisi hatupendi kulisikia.

Nataka kuongeza jambo la mkataba. Ibenge ni mwajiriwa wa Al Hilal na timu yake iko makundi kama sisi. Kumtoa katikati ya msimu maana yake ni fidia na mvutano, na kocha mwenyewe kuacha wachezaji ambao hawana hata uwanja wa nyumbani. Sidhani kama ni mtu wa kufanya hivyo. Jina lake ni zuri sana kwa mwezi wa sita, siyo kwa wiki hii. Vivyo hivyo kwa wale wanaotaja Nabi aliyekuwa Yanga: yuko AS FAR ya Morocco, amekwenda huko juzi tu. Tujadili watu wanaopatikana.

Tanga Mkwakwani

Naona Mgunda anatajwa mwishoni kama vile ni mgeni wa kupewa kiti cha plastiki.

Septemba 2022 Zoran Maki alituacha akaenda Misri, msimu umeshaanza, mechi za Afrika ziko mlangoni. Nani alishika timu? Mgunda. Akawafunga Nyasa Big Bullets nje ndani. Akaenda Luanda akamfunga Primeiro de Agosto kwao, akarudi akamfunga hapa. Tukaingia makundi, na Robertinho alipokuja Januari akakuta kazi ngumu imeshafanywa. Yale makundi ndiyo yaliyotufikisha robo fainali na Wydad tukatolewa kwa penalti.

Kabla ya hapo aliichukua Coastal Union, kikosi cha bajeti ndogo, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani (ASFC) 2022 pale Arusha, akatoka 3-3 na Yanga hii hii mpaka kwenye penalti. Sasa yuko Simba Queens, ndani ya klabu yetu. Hahitaji tiketi ya ndege, mkalimani wala wiki ya kuzoea joto la Dar. Kapombe, Tshabalala, Mzamiru, Bocco, wote anawajua na wanamsikiliza. Kwa mechi tatu hizi zinazokuja, ninyi mnatafuta nini zaidi?

Inaniuma kwamba mzawa akifanya vizuri anaitwa wa muda, na mgeni akifanya vibaya anaitwa mradi.

Mnyama wa Tandika

Mkuu wa Tanga, hiyo sentensi yako ya mwisho imenigusa na sina la kuipinga. Rekodi ya 2022 ni ya kweli tupu.

Sababu yangu ya kumweka wa nne ni hii: timu ya 2022 aliyoipokea haikuwa imevunjika moyo. Ilikuwa imeachwa na kocha, basi. Ya sasa imefungwa tano na mtani, na chumbani nadhani watu wanatazamana vibaya. Mgunda anapendwa na wachezaji, na ndiyo nguvu yake. Ila sasa hivi kuna wakongwe wanaotakiwa kuwekwa benchi, na mtu anayewapenda kama wanawe atapata tabu kufanya hivyo. Mgeni hana deni na mtu.

Tanga Mkwakwani

Hapo umekisia tu. Pale Coastal alikuwa anawaweka benchi wakubwa bila shida.

Mbu wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Mimi ni Ingwe damu, yaani AFC Leopards, ila Simba naifuata tangu ile robo fainali ya Afrika ya 2019. Nizungumzie Aussems maana tulikaa naye.

Alikuja AFC Leopards 2021 akaondoka mwaka huu. Kipindi kirefu klabu ilikuwa imefungiwa kusajili na FIFA kwa sababu ya madeni, na yeye akachukua vijana wadogo akawapanga kila wiki bila kununa. Kwa malezi ya vijana nampa alama zote. Hakuwahi kutuhujumu kwenye vyombo vya habari, alisimama na timu hata mishahara ikichelewa.

Lakini ubingwa hakutupa, na tukikutana na timu inayokaba juu kwa nguvu tulikuwa tunapotea. Nyinyi mnamkumbuka kwa usiku wa Kagere na Al Ahly. Mimi ningewauliza mnakumbuka pia za ugenini?

Lunyasi Damu

Tunazikumbuka mkuu. Kinshasa tano bila. Misri tano bila. Saoura mbili bila. Nyumbani tukawafunga wote watatu na tukafuzu robo fainali, halafu Mazembe akatoka sare kwetu na kutupiga nne kwao. Ule msimu ulikuwa mtamu kwa sababu haukutarajiwa. Leo Simba imeshacheza robo fainali mara kadhaa, mashabiki hawatakubali tena tano za ugenini kwa hoja kwamba tutalipiza nyumbani. Aussems kwangu hapana, pamoja na mapenzi yote.

Mwananchi wa Jangwani

Nimeingia kwa heshima, sijaja kuwakumbusha matokeo. Nataka kusema kuhusu Benchikha kwa sababu sisi ndio tuliocheza naye fainali.

Mei 28 kwa Mkapa uwanja umejaa, sisi tuna Mayele wa moto, Nabi ana timu iliyoiva. USM Alger walikuja hawakuogopa hata kidogo. Walituachia mpira sehemu zisizo na madhara, wakaziba katikati, kila tukipoteza wanapiga mbele haraka. Wakatufunga 2-1. Tulikwenda Algiers tukashinda 1-0 na bado kombe likabaki kwao kwa mabao ya ugenini. Kwa mechi mbili zile niliona timu ambayo kila mtu anajua asimame wapi. Nabi ni kocha mkubwa na alipata tabu kumfungua.

Kama shabiki wa Yanga, kati ya majina yenu manne huyo ndiye nisiyemtaka aje. Nadhani hiyo inatosha kuwa ushauri.

Dada wa Msimbazi

Mtani asante, umeongea kiungwana.

Ila mimi kwa Benchikha nina wasiwasi mmoja mkubwa na nashangaa hakuna aliyeugusa. Hakai. Berkane alianza msimu na kombe, kabla msimu haujaisha yuko USM Alger. USM Alger kabeba makombe mawili, na sasa hayupo tena. Ni mtu wa kuja, kutengeneza ukuta, kushinda, kuondoka. Sisi tumechoka kuanza upya. Hesabuni wenyewe tangu Novemba 2019: Aussems kafukuzwa, Sven kaenda AS FAR, Gomes kaondoka, Pablo kaondoka, Zoran kaondoka, Robertinho kafukuzwa. Kila mmoja alikuja na wachezaji wake na falsafa yake, na waliobaki ni Matola na mashabiki. Tulichukua ubingwa mara nne mfululizo, wa mwisho 2021, na tangu hapo majirani wanatamba. Halafu tunajiuliza kwa nini kikosi kina watu wanaofanana nafasi moja na nafasi nyingine haina mtu!

Robertinho mwenyewe Aprili alimfunga Yanga 2-0, Agosti akachukua Ngao ya Jamii kwa penalti pale Tanga, na kwenye ligi msimu huu alikuwa hajapoteza hadi siku ile. Kipigo kimoja, nje. Kocha mwenye akili anayatazama haya kabla ya kusaini.

Mnyama wa Tandika

Dada, kwa hiyo kura yako ni ya nani?

Dada wa Msimbazi

Benchikha, kwa sharti la mkataba unaovuka msimu huu na Mgunda awekwe benchi la ufundi kama msaidizi, siyo kurudishwa pembeni. Akiondoka yule, kazi isianze sifuri.

Tanga Mkwakwani

Hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Nilichokuwa nakataa ni kumtumia mtu kama tochi ya umeme ukikatika.

Kibao cha Chang'ombe

Wakuu nimesoma yote, mnajadili kocha mkuu tu. Ugonjwa uliotajwa na mwanzisha uzi ni pumzi, na tumebaki bila kocha wa viungo katikati ya msimu. Mimi nimewahi kucheza daraja la chini, najua mwili haujengwi kwa wiki moja ukiwa na mechi kila siku tatu. Ukiwapa watu mazoezi mazito sasa hivi, mechi ya Botswana watakuwa na miguu ya mbao.

Nafasi ya kweli ni Januari. AFCON inaanza Ivory Coast, Stars imefuzu, ligi itasimama. Hapo kuna wiki kadhaa za kuanza maandalizi upya kabisa. Shida ni kwamba wanaotegemewa watakuwa na timu zao za taifa: Inonga na Kongo, na wachezaji wetu watakaoitwa Stars. Kwa hiyo kocha mpya, awe yeyote, aje na mtu wake wa viungo sasa, awapime kila mmoja, na ajue nani anabaki naye Januari na nani atarudi amechoka. Na dirisha dogo nalo liko hapo hapo. Kiungo mkabaji mwenye mapafu ndiye wa kwanza kununuliwa, Ngoma na Mzamiru hawawezi kucheza kila mechi mpaka Mei.

Mbu wa Nairobi

Huyu wa Chang'ombe apewe kazi yeye.

Lunyasi Damu

Kwa maelezo hayo nimesogea. Ibenge wa mwezi wa sita, Benchikha wa sasa. Ila nisaidieni: Jumamosi kwa ASEC, kabla mtu yeyote hajasaini, Cadena acheze na viungo wangapi wa kukaba?

Kibao cha Chang'ombe

Wawili, Ngoma na Kanoute, na Chama acheze mbele yao akiwa huru. Baleke peke yake juu. Dakika ya 60 ikifika na bado tunaongoza au tuko sare, abadilishe mawinga wote wawili kwa pamoja bila kusubiri wachoke. ASEC wana vijana wepesi, watatukimbiza. Na Jwaneng wasichukuliwe poa: Oktoba 2021 tuliwafunga 2-0 kwao, wakaja hapa kwa Mkapa wakatupiga 3-1 tukatoka kwa mabao ya ugenini, Gomes akapoteza kazi. Ni hao hao tunaokutana nao wiki ijayo.