Tupeane uzoefu: Urithi umekuangukia ghafla, uliufanyaje?

Fundi wa Buhongwa (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za usiku. Mwaka juzi baba mdogo alifariki Nansio, kisiwani Ukerewe. Mkewe alishatangulia, mtoto hawakujaliwa. Kikao cha ukoo kikanitaja mimi na dada yangu kuwa warithi. Nilijua mzee ana mtumbwi mmoja na kibanda, kumbe alikuwa na kiwanja huku Buhongwa na milioni 19 benki. Mimi ni fundi pikipiki. Hela kubwa niliyowahi kuishika kwa mkupuo ilikuwa laki sita.

Habari ilivuka ziwa kabla yangu. Nashuka kwenye meli Mwanza, binamu ananisubiri na hesabu za kununua Noah, kaziandika nyuma ya boksi la sigara.

Kilichoniokoa si akili. Ni Mahakama ya Mwanzo. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, tangazo, kusubiri kama yupo wa kupinga. Miezi saba! Nililalamika sana, ila kila aliyekuja nilimjibu "bado iko mahakamani", na ilikuwa kweli tupu. Hela ilipotoka, hata wazo la Noah lilishapoa.

Nusu ya dada nikampa siku hiyohiyo. Kwenye yangu nikafuta deni la mke wangu la kikoba, milioni 6 nikaweka hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, unaanza na milioni 1, riba inaingia mara mbili kwa mwaka), iliyobaki nikanunua vifaa vya gereji. Na simu. Ya simu msiniulize. Nyie je?

Mama Igoma
Pole na msiba, mwanangu. Mimi mjomba aliniachia mtumbwi na injini mbili kisiwani. Nilikuwa karani wa stoo, ziwa nalijua kwa kulitazama tu. Nikiuliza mapato, vijana wananijibu: "Mama, mbalamwezi." Ni kweli, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, watu wanapumzika. Lakini mbalamwezi gani ya siku ishirini? Nikaanza kutoka kibarazani kila usiku nautazama mwezi mwenyewe. Giza totoro, nikipiga simu naambiwa mbalamwezi!

Niliuza injini moja. Ile nyingine na mtumbwi nikamwachia nahodha anilipe kidogo kidogo, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji. Sasa nanunua dagaa Mwaloni Kirumba, nauza kwa gunia. Faida ndogo, ila gunia naliona kwa macho yangu.

Jobless Nyakato
Mimi nilikula yote. Milioni nne, Desemba moja. Endeleeni, nawasoma.

Binti wa Mabatini
Niongezee kitu ambacho wengi hawakijui: msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kaka yetu mkubwa aliteuliwa kusimamia, akadhani karithi. Akawa anakusanya kodi ya vyumba sita peke yake, sisi wa mama mdogo tukiuliza anasema mambo bado. Kumbe ndani ya miezi minne alipaswa kurudisha mahakamani orodha ya mali, fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo, fomu namba 6. Tukaenda kwa hakimu bila ugomvi, tukaeleza. Kaka akaitwa aje na daftari la kodi. Lilikuja limejaa mafuta ya chapati na kurasa tatu zimechanwa. Mgawanyo ulifanyika mwezi uliofuata. Mama mkubwa hakutusalimia mwaka mzima, sasa ameanza.

Mzee wa Sengerema
Wabeja (asante), binti. Kiwanja cha Buhongwa je, fundi? Usije ukasema ni nyasi.

Fundi wa Buhongwa
Ni nyasi mzee, ila nimeshapanda miti mpakani, maana jirani alianza kusogeza mawe.

Jobless Nyakato
Na binamu wa Noah mnaongea?

Fundi wa Buhongwa
Salamu zipo. Juzi kaniletea pikipiki, breki zimekufa. Nikamtajia bei ya kila mtu. Akanitazama weee, akalipa.