Naombeni ushauri: Cruiser pickup nataka kuirefusha iwe ya tour, nianze na kadi au nianze na fundi?

Kijana_Sakina

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri kabla sijapoteza hela ya watu.

Nina Land Cruiser pickup HZJ79 ya 2004, injini 1HZ ile ya 4.2 dizeli, imetoka Australia ikashuka Dar, kodi TRA nimelipa, kadi imetoka kwa jina langu na namba za njano zimeshafungwa. Nusu ya hela katoa shemeji yangu, dereva wa watalii mwaka wa 12 huu, amechoka kuendesha gari za watu. Tumekubaliana tuirefushe, tuijengee bodi nyuma na rufu ya kufunguka, siti 7 za abiria, tuwe tunaikodisha kwa makampuni msimu wa Juni ukianza.

Sasa kadi imeandikwa pick up, siti 3. Fundi tuliyeongea nae anasema leteni Jumatatu nikate, mambo ya kadi mtamalizana nayo huko mbele, wote ndo wanavofanya. Shemeji yuko upande wa fundi sababu msimu unakimbia. Mi nasita, ile nusu yangu imetoka kwenye kiinua mgongo cha mama na hatupati kingine.

Jana usiku nimelala chini ya gari na tochi ya simu natafuta namba ya chesisi, lile vumbi jekundu la huko ilikotoka limegandana na grisi, nimesugua na kitambaa chenye dizeli mpaka ikatokea, iko kulia mbele karibu na tairi. Wakikata inabaki kweli? Kadi inabadilishwaje? Na bima nayo?

Mtu_wa_Boma

Namba ikiwa hapo iko salama, wanakata katikati nyuma ya kebini, mbele hawagusi. Ila mwambie fundi mbele ya shemeji asiisage na asiimwagie rangi nzito. Namba ikishafutika gari yako ya halali inaanza kuulizwa kama ya wizi, na hapo kadi peke yake haikutetei.

MamaNgiri

Mdogo wangu, kaa hapa usome taratibu.

Mimi nina gari mbili za tour, ya kwanza nilinunua ikiwa imesharefushwa hapahapa Arusha, aliyeniuzia akasema kadi haina shida. Kadi ilikuwa inasema pick up siti 3, na mimi nabeba watu saba nyuma. Mwaka wa kwanza ukapita vizuri. Mwaka wa pili dereva akaigonga kwenye kona za juu ya Mto wa Mbu, namshukuru Mungu hakufa mtu ila mgeni mmoja alivunjika mkono. Nilikuwa na bima kubwa, nimelipia bila kuchelewa hata siku moja. Wakaja kuangalia gari, yule kijana akaingia ndani, akahesabu siti kwa kidole moja moja, akashuka akaomba kadi, akasoma, akanirudishia bila kusema neno. Barua ikaja baadae, gari waliyoikatia bima sio hii iliyogongwa. Nikalipa hospitali na matengenezo mfukoni kwangu, nikauza kiwanja. Na siwezi kusema nilionewa, karatasi ndivyo ilivyokuwa.

Gari ya pili nikafanya hivi. Kabla ya kukata nilienda kwa inspekta wa magari wa trafiki nikamweleza nataka kufanya nini, akaiona ikiwa nzima, kadi na chesisi na injini vinalingana. Ilipokamilika nikairudisha, akaikagua breki, taa, mikanda ya kila siti, akaweka karatasi juu ya namba ya chesisi akasugua na penseli, akaandika ripoti. Hiyo ripoti na kadi ya zamani ndo nikaenda navyo TRA kuomba wabadilishe aina ya bodi, siti na uzito. Halafu bima, nikawaandikia barua na picha, wakaikatia kama gari ya kubeba watalii. Hicho kibima kidogo cha third party cha gari binafsi ukibebea wageni wanaolipa, usikitegemee.

Na hizo namba za njano hutakaa nazo. Njano ni gari binafsi, ya biashara ni nyeupe, kwa hiyo ukienda TRA omba na matumizi yabadilishwe, usiende safari mbili.

Fundi_Mzee_Unga_Ltd

Nimechomelea hizi gari miaka mingi ngoja niseme la chuma, la karatasi dada hapo juu kamaliza.

Kijana muulize fundi wako anakataje. Akikujibu anakata wima moja kwa moja, anaunga kipande na kupiga kiraka nje, ondoa gari yako hapo. Mkato unatakiwa uwe wa mshazari ili ule mshono usibebe mzigo wote sehemu moja, ndani ya chesisi kuwe na chuma kingine kinachopita pande zote mbili, ndo nje ziwekwe bamba. Na kipande cha kuongeza unene wake uwe sawa na chesisi yenyewe. Kuna gari iliniletewa kutoka Serengeti, ilirefushwa na mtu mwingine, nimepitisha mkono kwenye mshono nikahisi kitu, nikapangusa, ufa mwembamba kama unywele na kutu imechuruzika chini yake. Ile barabara ya mawimbi kutoka geti la Loduare kule Ngorongoro kwenda geti la Naabi la Serengeti inaitikisa gari muda wote bila kupumzika, welding mbovu haifichiki pale.

Halafu propela, ile shafti ya chini inayopeleka nguvu tairi za nyuma. Ukirefusha gari propela nayo inakuwa ndefu, ndefu sana inatetema, kwa hiyo igawanywe mbili na bearing ya katikati afu ipigwe balansi. Paipu za breki ziwekwe mpya nzima, zisiungwe ungwe. Kebo ya hendibreki vilevile. Springi za nyuma uongeze majani, gari ina bodi ya chuma na watu saba na mabegi sahivi, sio pickup tena. Siti zifungwe kwenye fremu, sio kwenye bati la sakafu, na mikanda hivyohivyo. Mgeni anasimama kwenye rufu anapiga picha simba, anakaa, anafunga mkanda akiamini umeshikwa na kitu.

Kijana_Sakina

Mzee shikamoo, asante sana. Dada MamaNgiri pole sana kwa yaliyokukuta, nimesoma mara mbili nikampelekea na shemeji asome. Swali dogo, uzito kwenye kadi una umuhimu gani?

MamaNgiri

Asante. Getini hifadhi za TANAPA gari inalipiwa kwa uzito wake mtupu, wanaangalia kadi. Uzito ukiingia kundi la juu unalipa zaidi kila siku ya safari, kwa hiyo kampuni itakayoikodi inataka kujua mapema ili wapige bei sawa. Ipime ikiwa imekamilika, usikisie. Na hakikisha kampuni unayoipa gari ina leseni ya utalii ya wizara, TTBL, ile zamani tulikuwa tunaita TALA.

Mtu_wa_Boma

Na msimu usikutishe bwana. Ukikosa Juni kuna Agosti.

Kijana_Sakina

Nimeongea na shemeji, alinuna kidogo mpaka alipofika pale pa kuhesabu siti kwa kidole, akanyamaza. Jumatatu gari inaenda kwa inspekta. Fundi nimempigia kumuuliza habari ya mkato wa mshazari, kasema hayo maswali ya nini, kwa hiyo nae tumemuacha. Mzee naomba nikufuate inbox.

Fundi_Mzee_Unga_Ltd

Marahaba, karibu. Jumatatu wahi asubuhi, ioshe chini vizuri hiyo namba isomeke bila kusugua, beba kadi orijino.